Nyanya pori ikigoma: kusoma dalili na kupata chanzo katika bustani ya nyumbani, Mtwara

Nyanya pori ninayoizungumzia hapa ni ile yenye vitunda vyekundu vya mviringo, kimoja kina upana wa kama sentimita moja na uzito wa gramu moja hivi. Jina lake la kitaalamu ni Solanum pimpinellifolium. Asili yake ni ukanda wa pwani wa Peru na Ekuador, na ni ndugu wa karibu kabisa wa nyanya tunayoikatia kachumbari. Huku kwetu mbegu zake husambaa kwa kugawiana: mtu kapewa na ndugu yake wa Dar es Salaam, naye anampa jirani vitunda vinne vitano akapande. Maelezo hayaji pamoja na mbegu, ndiyo maana maswali ni mengi. (Ukitaka kuagiza mbegu kutoka nje ya nchi, jua kwamba zinahitaji kibali cha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka.)

Nianze na msimamo wangu. Katika pwani hii, kuanzia Msimbati hadi Mikindani na hata ukipanda kwenda Lindi, matatizo mengi ya mmea huu hayatokani na ugonjwa. Yanatokana na joto, chumvi, kivuli na mbolea iliyozidi, na hakuna dawa ya duka la pembejeo inayotibu hata kimoja kati ya hivyo. Inaniuma kuona mama ametoa hela ya mboga akanunua dawa ya ukungu, akapulizia mmea ambao shida yake ni kuchanua maua Januari.

Utasikia pia kwamba nyanya pori ni sugu, haiugui. Ni kweli kwa sehemu. Watafiti wa mbegu wamechota kinga nyingi kutoka kwa baadhi ya nyanya pori, ikiwemo kinasaba cha Ph-3 kinachopambana na bakajani chelewa. Lakini bakajani chelewa ni ugonjwa wa baridi na unyevu, ugonjwa wa Njombe na Mbeya. Maadui wa mchanga wetu ni minyoo fundo wa mizizini, mnyauko bakteria, utitiri na virusi vya rasta vinavyokunja majani machanga. Kwa hao usiutegemee usugu wake.

Mbegu hazijaota

Kwanza hesabu siku. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, mbegu nzuri huanza kuchomoza kati ya siku ya 5 na ya 10. Ila huu ni mmea wa porini, haukubali kuota kwa pamoja kama mbegu ya kopo. Mbili leo, moja keshokutwa, nyingine wiki ijayo. Usiuchokonoe udongo kabla ya wiki tatu kuisha.

Wiki tatu zimepita na hakuna kitu? Toka saa saba mchana ukaguse udongo. Kiriba cheusi kilichowekwa juu ya baraza la saruji huwaka moto, na udongo ukipita nyuzi 35 mbegu hugoma kuota. Ikikaa hivyo siku nyingi hufa. Kama kidole chako hakivumilii ndani ya udongo, jibu umelipata. Shusha viriba chini kwenye ardhi, weka kichanja cha makuti kinachopitisha mwanga kidogo, na mwagia asubuhi mapema. Vichwa vikianza kutokeza, punguza makuti kidogo kidogo ili miche ipate jua la asubuhi. Ukiacha kivuli kizito itarefuka, itakuwa myembamba na kulala, na hapo watu hudhani ni ugonjwa.

Kama udongo ni wa baridi na unyevu wa kutosha, angalia kina. Mbegu hii ni ndogo kuliko ya nyanya ya kawaida na nguvu zake za kusukuma udongo ni kidogo. Nusu sentimita inatosha. Wengi huifukia vizuri, kisha wanaimwagia maji kwa ndoo. Maji yanachimba, mbegu zinakusanyika kona moja au zinazama chini. Toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari uliopashwa moto, tumia hiyo mpaka miche ipate majani halisi mawili.

Halafu kuna mbegu yenyewe. Mbegu ya nyanya iliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu huweza kukaa miaka minne na zaidi ikiwa hai, lakini hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na mbegu iliyoviringishwa kwenye karatasi na kuwekwa jikoni haifiki huko. Ipime kabla ya kuilaumu: chukua mbegu 10, ziweke katikati ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na ukiweke ndani ya nyumba kivulini. Baada ya siku 10 zikiota saba au nane, mbegu ni nzima na tatizo liko kitaluni. Zikiota tatu, panda nyingi kwa pamoja. Isipoota hata moja, tafuta nyingine.

Mbegu zilizokamuliwa kutoka kwenye tunda na kupandwa hapo hapo huchelewa kwa sababu ya ule utelezi unaozizunguka, ambao kazi yake ni kuizuia mbegu isiote ndani ya tunda. Ziache kwenye maji yake ndani ya glasi zichachuke. Vitabu vingi husema siku tatu. Kwa joto letu siku moja au mbili zinatosha, ukizidisha utazikuta zimeanza kuota humo humo. Osha, tupa zinazoelea, kausha kivulini juu ya sahani. Ukikausha kwenye karatasi zitaganda.

Sisimizi nao hubeba mbegu ndogo. Ukiona mstari wao unapita kitaluni, zungushia majivu makavu kwa nje.

Jambo moja la kuchunga: udongo wa kuchota nyuma ya nyumba mara nyingi una mbegu za mnavu, na mnavu huota haraka. Nimeonyeshwa vitalu kadhaa vya "nyanya pori" ambavyo vyote ni mnavu. Tazama jani la kwanza baada ya yale mawili ya mwanzo. La nyanya limegawanyika vipande na ukilifikicha linanukia nyanya. La mnavu ni zima na harufu yake si hiyo.

Miche inalala au kutoweka

Mche uliosimama jana, leo umelala, na shina usawa wa udongo limekuwa jembamba, lina majimaji: hiyo ni kinyausi. Ni vimelea vya udongoni vinavyopenda kitalu kilicholoa, kilichobanana na chenye samadi mbichi. Hauponi ukishalala. Okoa waliobaki: acha kumwagia siku moja au mbili, ng'oa iliyobanana, ondoa makuti hewa ipite. Kitalu kingine kikitayarishwa, mwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe siku nzima ndipo usie.

Mche uliokatwa wima na kuachwa umelala pembeni ni kazi ya sota. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili tatu chini, utamkuta amejikunja, rangi ya udongo. Mche uliotoweka kabisa bila hata kisiki, ulaumu konokono na majongoo wakati wa mvua, au kuku wakati wowote. Chandarua kikuukuu kinafaa kabisa dhidi ya kuku na panzi. Dhidi ya nzi weupe hakifai, matundu yake ni makubwa kwao. Unahitaji wavu wenye matundu madogo zaidi au kitambaa chepesi cha shela.

Majani yanabadilika

*Kingo zimekauka kama zimeunguzwa, kuanzia majani ya chini.* Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi Shangani na Mikindani, na karibu kila mara chanzo ni maji ya kisima. Tazama udongo asubuhi kabla ya kumwagia: ukiona ukoko mweupe juu yake au kwenye ukingo wa ndoo uliyopandia, ni chumvi. Nyanya pori ina sifa ya kuvumilia chumvi kuliko nyanya nyingi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha mpangilio wa vinasaba vya nyanya pori moja yenye namba LA0480 wakitafuta siri ya uvumilivu huo. Lakini mmea mkubwa unaovumilia ulikuwa mche usiovumilia, na mche ndio unaoungua. Kwa hiyo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, au maji ya bomba, yape kitalu kwanza. Mmea mkubwa ukitumia ya kisima, mwagia mengi kwa mara chache ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Ndoo iwe na matundu ya kutosha chini, la sivyo chumvi haina pa kwenda.

Na hapa samadi ya mbuzi na majivu vinaingia. Vyote ni vizuri na vyote vina chumvichumvi. Samadi iwe imeoza mpaka huwezi kutambua kinyesi. Majivu, kiganja kimoja kwa shimo, mara moja kwa msimu, na kama udongo wako ni wa matumbawe acha kabisa.

*Majani mapya yana njano katikati ya mishipa, mishipa imebaki kijani.* Mara nyingi ni udongo wa matumbawe au majivu mengi: madini ya chuma yamo ardhini ila mizizi haiwezi kuyachukua. Ongeza mboji kwa wingi, sitisha majivu, au hamia kwenye ndoo yenye udongo mwekundu wa nyanda za juu, wa Newala au Tandahimba, uliochanganywa na mboji. Majani ya *chini* yakigeuka njano yote kwa pamoja huku ya juu yakipauka, hiyo ni njaa ya naitrojeni, kawaida kwenye mchanga baada ya mvua kubwa kuosha kila kitu. Samadi iliyooza, viganja viwili kuzunguka mmea, inatosha.

*Majani yanajikunja.* Hapa pana hofu nyingi kuliko hatari. Majani ya nyanya pori ni madogo na membamba kwa asili, na mtu aliyezoea nyanya kubwa huona kama yamedumaa. Kisha jua la mchana likiwa kali au ukiwa umekata matawi mengi kwa pamoja, majani ya chini hujiviringa kuelekea juu, yanakuwa magumu kidogo. Kama yamebaki kijani na ncha za mmea zinaendelea kukua, acha. Rasta ni kitu kingine: inaanzia juu, kwenye majani machanga. Yanakuwa madogo mno, yamekunjamana kama kikombe, kingo zake njano, pingili zinasogeleana na ncha inakuwa kishada kilichobanana. Tikisa mmea, vumbi jeupe linaloruka ni nzi weupe, ndio walioleta virusi. Rasta haina dawa. Mche mdogo ukiugua ng'oa siku hiyo hiyo. Mmea mkubwa ulioanza kuzaa unaweza kuuacha ukamalizia matunda yake ikiwa hakuna miche michanga jirani. Kama ipo, ng'oa.

*Jani limejaa vidoti vyeupe vidogo, linageuka rangi ya shaba, na chini kuna utando mwembamba.* Huo ni utitiri. Hupenda kiangazi, Agosti hadi Oktoba, hasa mmea ulio karibu na barabara yenye vumbi au ukutani. Rusha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, mfululizo kwa siku nne au tano. Nyumba nyingi za huku zina salfa iliyobaki kutoka kwenye mikorosho, na salfa kweli huua utitiri, lakini inaunguza majani joto likiwa juu ya nyuzi 32 na haipatani na mafuta ya mwarobaini yakipuliziwa wiki hizo hizo. Ukiitumia, iwe jioni, kidogo, umefunika pua na macho, na matunda uyaoshe.

*Unga mweupe.* Wengi husema ubwiriunga umehama kutoka kwenye mkorosho. Hapana. Ubwiriunga wa korosho na wa nyanya ni kuvu tofauti. Kila moja ina mimea yake. Kilicho sawa ni mazingira: usiku wa ubaridi wa Juni na Julai pamoja na mchana mkavu. Kwenye nyanya mara nyingi utaona kwanza doa la njano juu ya jani, na unga uko upande wa chini. Punguza msongamano, ondoa majani yaliyougua zaidi. Salfa inasaidia hapa pia, kwa masharti yale yale.

*Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kuanzia chini,* ni bakajani tangulia. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo, tandaza makumbi ya nazi au pumba za mpunga ili matone yasirushe udongo juu, mwagia shinani badala ya majani. *Jani lenye mabaka makavu yanayopitisha mwanga, na ndani kuna kijifunza na uchafu mweusi,* ni kantangaze, aliyethibitishwa kuingia nchini mwaka 2014. Kwa bustani ya nyumbani njia bora bado ni mikono: chuma majani hayo kila asubuhi, yachome au yafukie kwa kina. Bilinganya na mnavu ulio pembeni humhifadhi, basi nao uukague.

Mmea unanyauka

Ukinyauka mchana na kusimama jioni, ni joto au ndoo ndogo. Ndoo ya lita 20 ndiyo kipimo cha chini kabisa kwa mmea mmoja. Kopo la rangi la lita nne halitoshi. Tandaza kitu juu ya udongo, uukinge na upepo wa kusi ambao hukausha kuliko jua, basi.

Ukinyauka na usiamke, usiharakishe kumwagia. Mzee mmoja wa Mikindani aliniita nikatazame mmea wake, umefika kifuani, umejaa vitunda vya kijani, umelala wote ghafla bila jani hata moja kugeuka njano.

"Mwanangu, maji naupa asubuhi na jioni, na bado unalala."

"Mzee wangu, naomba kisu na glasi ya maji masafi."

Nilikata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kiganja, nikakifunga uzi na kukining'iniza ili ncha iliyokatwa iguse maji tu. Tukakaa barazani tukiitazama glasi. Haikuchukua dakika tano: uzi mweupe, kama maziwa mepesi, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, umenyooka, ukafika chini ya glasi na kutanda. Hao ni bakteria wa mnyauko, wameziba njia za maji ndani ya shina. Mzee akasema, "Kumbe maji yangu hayakuwa na kosa."

Hayakuwa na kosa, ila nayo hayasaidii. Mnyauko bakteria hauna tiba. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uchome, usiutie kwenye mboji. Osha jembe na kisu kwa sabuni kabla ya kugusa mmea mwingine. Mahali hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au mtama. Kama eneo lako lote ni hilo dogo, hamia kwenye ndoo na uchote udongo mahali ambapo nyanya hazijawahi kupandwa.

Glasi isipotoa kitu, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani, pamoja na majani kugeuka njano upande mmoja wa mmea, huashiria mnyauko fuzari. Hatua ni zile zile. Ikiwa ndani ni safi, ng'oa mizizi uitazame: vinundu vingi vilivyovimba ni minyoo fundo. Mchanga wetu ni makazi yao mazuri, na kinasaba kinachowakinga nyanya za kisasa dhidi yao kilitoka kwa nyanya pori ya aina nyingine, si hii. Dawa nzuri ya nyumbani ni jua. Oktoba na Novemba kabla ya mvua, lainisha udongo, uloweshe, ufunike kwa plastiki inayong'aa iliyobanwa kingo zote kwa wiki nne hadi sita. Plastiki nyeusi haifanyi kazi sawasawa, tumia ile inayopitisha mwanga. Haiwamalizi wote, ila inawapunguza kiasi cha mmea kupata msimu mzima.

Na kama mizizi imeoza, myeusi na yenye harufu, hapo ni maji mengi. Tazama matundu ya ndoo.

Mmea umejaa maua, hauzai

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mmea umetambaa uzio mzima, kijani cha kupendeza, maua ya njano kila kona, na kila ua linakauka na kudondoka shingoni pale penye kifundo.

Cha kwanza ni mwezi. Chavua ya nyanya huharibika joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35, na jambo wasilolijua wengi ni kwamba usiku nao una neno: nyuzi zikibaki juu ya 21 hadi 24 usiku kucha, maua mengi hayashiki. Sasa fikiria usiku wa Mtwara kati ya Desemba na Machi, unapolala bila shuka. Tena hewa imejaa unyevu, chavua inagandamana haitoki. Hakuna mbolea wala dawa ya majani itakayobadilisha hali hiyo. Nyanya pori hushika matunda kwenye joto vizuri kuliko nyanya kubwa nyingi, kwa hiyo utapata machache, ila mavuno ya kweli yasubiri ubaridi. Usiung'oe mmea wenye afya kwa sababu haukuzaa Februari. Punguza matawi marefu Aprili, utaanza upya.

Kwa anayeanza, kalenda inayofaa huku kwetu ni hii: sia mbegu mwishoni mwa Machi au Aprili, hamishia bustanini Mei mvua zinapoaga, miche ikiwa na wiki nne hadi sita. Maua yatakuja Juni, na utachuma kuanzia Julai mpaka Oktoba, kabla korosho hazijakuchukua muda wote.

Cha pili ni mbolea. Huu ni mmea uliozoea ardhi ya mchanga yenye chakula kidogo. Ukiupa samadi ya kuku kila wiki na urea juu yake, utakupa majani, kwa sababu ndicho ulichouomba. Dalili yake: majani ya kijani kizito, shina nene, vikonyo vya maua vichache au vinavyoota jani kwenye ncha. Sitisha kila mbolea yenye naitrojeni, punguza maji kidogo, subiri wiki tatu. Kwenye shimo la kupandia, debe nusu la mboji lilitosha.

Cha tatu ni kivuli. Chini ya mwembe au mkorosho mmea utaishi, utarefuka ukitafuta mwanga, na hautazaa. Unahitaji saa sita za jua, na kama unaweza kuchagua, liwe la asubuhi.

Cha nne, mtikiso. Chavua ya nyanya imefungwa ndani ya kikoba na hutoka kwa kutikiswa. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Wenye nao ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa miti, ambao hulitikisa ua kwa mvumo wa mwili. Bustani iliyozungukwa na kuta haipati upepo wala hao nyuki. Kila asubuhi saa mbili tatu, ua likiwa limefunguka, gongagonga kamba au fito ulizoegemezea mmea. Ni kazi ya dakika moja.

Na usiukatekate. Kwa nyanya ya sokoni tunaondoa maotea tubakize shina moja au mawili. Nyanya pori huzaa kwenye maotea hayo hayo. Ukiyaondoa umeondoa mavuno. Upe nafasi ya mita moja au zaidi, uegemeze kwenye uzio wa fito au kamba za kutosha maana hufika mita mbili na kuendelea, kisha ondoa tu matawi yanayolala chini.

Tunda lenyewe lina kasoro

Vitunda vinaiva rangi ya chungwa badala ya nyekundu: joto tena. Rangi nyekundu ya nyanya haijengeki vizuri juu ya nyuzi 30. Chuma vinapoanza kubadilika rangi, vimalizie ndani ya nyumba penye ubaridi.

Vinapasuka: maji mengi baada ya ukavu. Mvua ya Mei ya ghafla hufanya hivyo hata ukifanya kila kitu sawa. Chuma kabla ya mvua ukiona mawingu, na siku za kawaida mwagia kwa kipimo kimoja.

Vinadondoka vikiguswa: ndivyo mmea wa porini unavyosambaza mbegu. Usichume kimoja kimoja. Kata kishada kizima chenye vilivyoiva vingi, au tandaza kitambaa chini na kutikisa.

Ladha ni kali, haina utamu: vimechumwa mapema, au kuna kivuli, au maji yamezidi wiki ile. Acha siku mbili zaidi baada ya kuwa vyekundu. Kinachotakiwa ni ukali na utamu kwa pamoja, na hapo ndipo vinapofaa kwenye mchuzi wa pweza kuliko nyanya yoyote niijuayo.

Shore na kuzumburu watavimaliza kabla yako. Hapa chandarua kikuukuu kinafaa tena, kiwe juu ya fito kisilale kwenye mmea.

Mbegu zako mwenyewe zimezaa kitu kingine

Msimu wa pili vitunda vimekuwa vikubwa mara tatu, au ngozi imekuwa nene. Mmea haujaharibika, umechanganyika. Ua la nyanya pori mara nyingi hutoa kijiti chake cha kike nje ya kikoba cha chavua, kwa hiyo hupokea chavua ya jirani kirahisi kuliko nyanya ya kawaida, na hizi mbili huzaana bila taabu. Ukiwa na nyanya za kachumbari kando yake, sehemu ya mbegu zitakuwa chotara. Zinaliwa, na baadhi ni tamu sana, ila si nyanya pori tena na watoto wao hawatafanana.

Kutunza mbegu safi, chagua kishada ambacho maua yake bado yamefumba. Kivishe kifuko cha kitambaa chepesi, funga mdomo wake kwa uzi bila kukaza shina, na ukitikise kila asubuhi kifuko kikiwa juu yake. Vitunda vikishajitokeza na maua yote ya kishada hicho yamekauka, vua kifuko na ufunge uzi mwekundu mahali pake, ili watoto wa nyumbani wajue vile haviliwi.